Sauti ya Kuazima: Uwindaji kwa Wito na Swali la Uongo kwa Mnyama

Dini mbili zenye waumini wengi katika Mkoa wa Ruvuma, yaani Ukristo na Uislamu, hazina mgogoro mkubwa juu ya uhalali wa kumwinda mnyama wa porini kwa ajili ya chakula. Torati iliruhusu kuliwa kwa paa na kulungu sawa na wanyama wa kufugwa, na Kurani, katika Sura ya Al-Maida, ilihalalisha hata mawindo yaliyokamatwa na mnyama aliyefunzwa, ikamwekea mipaka aliye katika ihramu, yaani hali ya kujifunga na miiko ya hija. Kinachobaki bila jibu la kutosha ni swali la namna: je, mwenye haki ya kumla mnyama ana haki pia ya kumpata kwa njia yoyote, hata kwa kumlaghai kwa sauti ya mwenzake au ya mtoto wake? Swali hilo ni la falsafa ya maadili, kwa kuwa linagusa mipaka ya ukweli, na ni la dini pia, kwa kuwa sauti inayoazimwa ni ya kiumbe ambaye, kwa mujibu wa maandiko ya pande zote mbili, ana nafasi yake mbele ya Muumba.

Uwindaji kwa wito maana yake ni kutoa sauti inayofanana na ya mnyama anayetafutwa, au ya mwingine anayemhusu, ili mnyama huyo aje kwa miguu yake mwenyewe hadi alipojificha mwindaji. Ufundi huu umenolewa sana Ulaya, kwa kulungu mdogo ambaye jina lake la kitaalamu ni Capreolus capreolus, mnyama ambaye uzito wake haupishani sana na wa mbuzi. Msimu wake wa kupandana huanza katikati ya Julai na kuisha katikati ya Agosti, na katika wiki hizo chache dume, ambaye siku nyingine huwa mwangalifu kupita kiasi, hutupa tahadhari na kukimbilia sauti nyembamba ya jike. Wawindaji wa Ujerumani wamezoea tangu zamani kuipuliza sauti hiyo kwa jani la mti lililobanwa midomoni, ingawa leo wengi hutumia filimbi. Wanazo sauti mbili ambazo lazima zitenganishwe tangu mwanzo, kwa sababu hukumu yake haiwezi kuwa moja. Ya kwanza ni ya jike anayemtaka dume. Ya pili ni ya mtoto: watoto wa kulungu huyo huzaliwa Mei na Juni, hivyo wakati wa kupandana wangali wadogo na wangali na mama zao, na mwindaji anayelia kama mtoto humwita mama, akitumaini kwamba dume linalomwandama mama huyo litatokea nyuma yake.

Mnyama huyo hayupo Afrika Mashariki. Jamii yote ya kulungu ambao pembe zao hudondoka na kuota upya kila mwaka haina mwakilishi wa asili kusini mwa Sahara. Katika misitu ya miombo inayoizunguka Songea nafasi yake imeshikwa na swala wadogo wa vichakani, kama vile nsya na funo, pamoja na mbawala. Swali, hata hivyo, halikubaki Ulaya. Ruhuwiko, kata ya Manispaa ya Songea ulipo uwanja wa ndege wa mji huo, si mahali pa kuwindia leo bali ni makazi na mashamba. Lakini imo katika mkoa ambao mto wake mkuu, Ruvuma, unaanzia katika milima ya Matogoro jirani na mji, na ambao vijiji vyake vya wilaya za Namtumbo na Tunduru vimetenga ardhi kuwa maeneo ya jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, kama Mbarang'andu na Nalika, yanayoyaunganisha mapori ya Selous na hifadhi ya Niassa ng'ambo ya mto, nchini Msumbiji. Mkazi wa Ruhuwiko ambaye hajawahi kushika gobore anaweza kula nyama iliyotoka katika ukanda huo, kwa leseni au bila leseni, na anayekula hawezi kusema kwamba namna nyama ilivyopatikana haimhusu.

Wito nao una historia yake barani Afrika. Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, na katika misitu mingine ya bonde hilo, mwindaji huchuchumaa nyuma ya mti, hubana pua kwa vidole viwili na kutoa mlio wa puani, mwembamba, unaovutwa kisha kukatwa ghafla, unaofanana na kilio cha funo aliyeshikwa. Hunyamaza, husikiliza, kisha hulia tena. Majani ya chini hutikisika, na mnyama hujitokeza akiwa ameinua shingo, mara nyingine hadi umbali ambao mkuki hauhitaji kurushwa kwa nguvu. Ufanisi wa mlio huo ni mkubwa kiasi kwamba watafiti wa wanyama katika misitu ya Gabon waliutumia kuwahesabu swala ambao macho hayawezi kuwafikia kwa sababu ya msongamano wa miti. Huko Nyanza, magharibi mwa Kenya, watega kware huweka kware hai katika vikapu vidogo, huvitundika juu ya mti mrefu, na kuwaacha ndege hao waite hadi wenzao wa mwituni washuke penye vitanzi. Hapo sauti si ya kuigiza hata kidogo: ni sauti halisi ya ndege halisi, iliyofungwa mahali ambapo ukweli wake unawaangamiza wanaousikia.

Utetezi wa kwanza wa uwindaji huu, na ndio unaosikika zaidi, ni kwamba hakuna uongo pasipo lugha. Kwamba mnyama hana maneno, hapewi ahadi wala haelewi ahadi, na kwa hiyo mlio wa filimbi ni chambo tu, sawa na mnyoo kwenye ndoana. Hoja hii ina uzito, na haipaswi kupuuzwa na mtu anayewaonea wanyama huruma. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini aliyefariki mwaka 430, aliufafanua uongo kuwa ni kutamka jambo la uongo kwa nia ya kudanganya, na katika maandishi yake juu ya uongo alikuwa mkali kuliko karibu wanafikra wote waliomfuata. Lakini Augustino huyohuyo, alipoandika juu ya alama, yaani vitu vinavyomfanya anayevipokea kufikiri juu ya kitu kingine, hakuwaacha wanyama nje ya mlango. Alitaja jogoo anayempa tetea ishara kwa sauti kwamba amepata chakula, na njiwa anayemwita mwenzake, akakiri kwamba hizo ni alama, ingawa aliacha wazi kama mnyama anazitoa kwa kukusudia au zinamtoka tu kama uso unavyokunjika kwa maumivu. Jambo hilo aliloliacha wazi ndilo lenye uzito katika mjadala huu. Hata kama jogoo hakusudii kusema, tetea anapokea. Na mtu anayejificha nyuma ya kichaka anakusudia. Kwa hiyo sehemu ya uongo inayomhusu msemaji imekamilika yote: anajua kwamba hakuna jike, anataka dume liamini kwamba yupo, na anatumia alama ambayo dume limeumbwa kuiamini.

Kurani inakwenda mbali zaidi. Inasema kwamba kila mnyama anayetembea ardhini na kila ndege arukaye ni umma mfano wa watu, kwamba ndege wanajua sala yao na namna yao ya kumtukuza Mungu, na kwamba Nabii Suleiman alifundishwa usemi wa ndege. Ndugu wa Usafi, kundi la wanafalsafa lililohusishwa na Basra katika karne ya 10, walitunga kisa kirefu ambamo wanyama wanawashtaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini, na mashtaka yao yanatolewa kwa ufasaha. Kisa ni cha kubuni, lakini imani iliyo chini yake si ya kubuni: sauti ya mnyama ina maana kabla mtu hajaitafutia matumizi.

Ushahidi ulio karibu zaidi na Songea, hata hivyo, hautoki vitabuni. Katika mapori ya pande zote mbili za mto Ruvuma anaishi mlembe, ndege mdogo wa rangi ya kahawia ambaye anajua mizinga ya nyuki ilipo lakini hawezi kuifungua peke yake. Anakula nta na mabuu, na kwa hilo anamhitaji mtu mwenye moto na shoka. Warina asali wa Kiyao katika hifadhi ya Niassa humwita kwa mtetemo wa ulimi unaofuatwa na mguno mfupi, sauti ambayo hawaitumii kwa jambo lingine lolote na ambayo walijifunza kwa baba zao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Claire Spottiswoode pamoja na Keith na Colleen Begg ulionyesha kwamba mrina anayetembea huku akitoa sauti hiyo aliongozwa na mlembe katika asilimia 66 hivi ya majaribio, ilhali sauti nyingine zilizotolewa kwa kulinganisha zilileta asilimia 33 tu, na kwamba uwezekano wa kufikishwa kwenye mzinga uliongezeka zaidi ya mara tatu. Mzinga ukishafunguliwa, warina hao hukusanya masega makavu na kuyapanga juu ya majani mabichi, yaonekane vizuri, ili ndege ashuke kula.

Hapa kuna mnyama wa mwituni, asiyefugwa wala kufunzwa na mtu yeyote, anayeitikia wito wa binadamu kwa sababu wito huo umekuwa wa kweli kwa vizazi vingi. Anayedai kwamba kati ya mtu na mnyama wa porini hakuwezi kuwa na neno la kweli wala la uongo anapingwa na kila mzinga uliowahi kuonyeshwa kwa njia hiyo. Panapowezekana ukweli, panawezekana pia uongo. Haki inataka iongezwe kwamba si warina wote wanaolipa: miongoni mwa Wahadzabe wa bonde la Eyasi, ambao humwita mlembe kwa mluzi, watafiti wameeleza desturi ya kuzika au kuchoma nta iliyobaki, ili ndege aendelee kuwa na njaa na aendelee kuongoza. Mlembe haachi kuwaongoza, kwa kuwa mara nyingine hupata masalia. Mfano huo hauondoi hoja. Unaonyesha tu kwamba ndani ya mahusiano ya kweli kuna wanaolipa kwa ukarimu na wanaolipa kwa mkono mgumu, na tofauti kati ya mkono mgumu na usaliti ni kubwa, kwa sababu mlembe aliyenyimwa leo atapata kesho, lakini dume lililoitwa kwa jani la mti halina kesho.

Utetezi wa pili husema kwamba maumbile yenyewe yamejaa hila. Nao ni kweli. Mlamba, ndege mweusi mwenye mkia wa panda anayeonekana kila siku juu ya nyaya na matawi ya Songea, ni mwongo mashuhuri: utafiti wa Tom Flower katika jangwa la Kalahari, uliochapishwa mwaka 2014, ulieleza jinsi anavyopiga kelele za hatari pasipo hatari, akiiga hata milio ya hatari ya wanyama wengine, ili waliopata chakula wakitupe na kukimbia, naye akichukue. Lakini ndege huyo anathibitisha jambo jingine ambalo watetezi hawalitaji. Wanyama anaowadanganya huzoea. Kelele ileile ikirudiwa, huacha kuijali, na ndiyo maana mlamba hulazimika kubadilisha milio. Uongo hula akiba ambayo haukuiweka. Kelele ya hatari ina nguvu kwa sababu mara nyingi ni ya kweli, na kila inapotumiwa kwa uongo inapungua thamani kwa wote, wakiwamo wale ambao kesho watahitaji kuisikia kwa ajili ya uhai wao. Zaidi ya hapo, mlamba hana njia nyingine anayoweza kuipima na kuichagua kwa dhamiri. Mtu anayo, na haiwezekani mtu adai ubora juu ya wanyama anapotaka kuwala, kisha ajishushe hadi usawa wao anapoulizwa jinsi alivyowapata.

Utetezi wa tatu ni wa wanateolojia, nao ni mzuri kuliko ule wa kwanza na wa pili. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alijiuliza kama kuvizia ni halali katika vita ya haki, akajibu kwa kutenganisha mambo mawili: kumdanganya mtu kwa kumwambia uongo au kumvunjia ahadi, jambo ambalo halikubaliki hata kwa adui, na kumficha mtu nia au mpango, jambo ambalo halina kosa, kwa kuwa hakuna anayewajibika kumfunulia kila mtu moyo wake. Katika Uislamu pia kuna Hadithi inayojulikana kwamba vita ni hila, na wanazuoni walioifafanua walitenga hila na khiyana, yaani kuvunja amana. Kwa kipimo hicho mwindaji anayevaa nguo za rangi ya majani, anayetembea upepo ukimjia usoni ili harufu yake isimtangulie, na anayekaa kimya karibu na njia ya wanyama, anaficha tu. Hasemi neno. Mwenye filimbi anasema.

Kitabu cha Mwanzo kina kisa ambacho wahubiri hukitumia mara nyingi kwa mambo mengine, lakini ambacho kina nuru ya pekee hapa. Isaka, mzee aliyepofuka, alimtuma mwanawe Esau mwindaji akamletee mawindo, na kabla Esau hajarudi, Yakobo aliingia na nyama ya mwana-mbuzi, mikono yake ikiwa imefunikwa ngozi ili ifanane na ya kaka yake. Ngozi ilidanganya, nyama ilidanganya, harufu ya mavazi ilidanganya, na maneno yenyewe yalikuwa ya uongo. Lakini sauti yenyewe, jinsi ilivyolia masikioni mwa baba, ilibaki ya Yakobo, na mzee aliitambua, akasita. Katika giza lake sauti ndiyo iliyokuwa shahidi wa mwisho mwaminifu, na alipotea pale alipoamua kuiamini mikono kuliko sikio. Mnyama wa msitu mnene anaishi katika giza la namna hiyo mchana kutwa. Haoni mbali, na mambo makubwa ya maisha yake, yaani mwenzi, mtoto na hatari, humfikia kwa sikio na kwa pua. Mwindaji wa wito anampokonya shahidi huyo wa mwisho.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo mwandishi yeyote mwadilifu lazima alikubali, nalo ni mwili wa mnyama. Njia inayotumika zaidi kwa uwindaji haramu katika misitu ya Tanzania ni waya: kitanzi kinachofungwa kwenye mti katika njia ya wanyama, ambacho hukata ngozi kila mnyama anapovuta, na ambacho mwenyewe anaweza asirudi kukiangalia kwa siku kadhaa. Mtego huingia waliomo na wasiokuwamo, na waya hauchagui dume wala jike, funo wala fisi. Mnyama aliyeitwa, kinyume chake, husimama karibu, mbele ya mtu anayemwona vizuri, na anaweza kufa kwa pigo moja. Hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aws inaagiza ihsani, yaani kutenda kwa uzuri, katika kila jambo, hata katika kuchinja, na inaagiza kisu kinolewe ili mnyama apumzishwe. Kwa upande wa maumivu, basi, wito ni bora mara nyingi kuliko waya, na anayeulaani wito huku akinunua nyama ya waya amegeuza mizani.

Ni kwa sababu hiyo sauti ya jike anayetaka dume inaweza kuvumiliwa na dhamiri, ingawa si kusifiwa. Mwindaji anaweza kulitambua dume, kumwacha jike, na kupiga kwa uhakika. Na dume linalokimbilia wito wa namna hiyo limejiingiza lenyewe katika msimu wa hatari, wa kupigana na madume wenzake na kusahau kula. Kiasi fulani cha uongo kimo, kama kilivyomo katika kikapu cha kware wa Nyanza. Kinapunguzwa na ustadi, na kwa kutorudia wito mahali palepale hadi wanyama wote wapoteze imani na sauti yao wenyewe. Kinaongezeka pale sauti inapotoka kwenye mashine, na si ajabu kwamba Mkataba wa Bern wa mwaka 1979, unaolinda wanyama na mimea ya Ulaya, uliiweka mashine ya kanda katika orodha ya vyombo vilivyokatazwa kwa kunasa wanyama unaowalinda: kinywa huchoka, mashine haichoki, na mwenye kinywa amelazimika kwanza kujifunza namna mnyama anavyosema.

Sauti ya mtoto ni jambo lingine kabisa. Sheria ya vita ya zama hizi, inayoruhusu hila nyingi, imekataza moja kwa msisitizo. Kifungu cha 37 cha Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, kinaruhusu kujificha, kuweka vitu bandia na kueneza habari za kupotosha, lakini kinakataza kumuua adui kwa kujifanya umejeruhiwa au kwa kujifanya unasalimu amri. Sababu yake ni kwamba hila hiyo inatumia huruma kama mlango wa kuulia, na baada yake kila majeruhi wa kweli atashukiwa. Ikiwa watu wanaochukiana na wenye silaha mikononi wamekubaliana kwamba kilio cha dhiki kisiwe chambo, ni vigumu kuona ni kwa haki gani mwindaji, ambaye hana ugomvi wowote na funo, ajiruhusu kitu ambacho askari amekatazwa.

Nguvu ya kilio hicho kwa mama imepimwa. Susan Lingle na Tobias Riede walieleza mwaka 2014 jinsi kulungu majike wa Kanada walivyokimbilia vipaza sauti vilivyotoa vilio vya watoto, na hawakukimbilia vilio vya watoto wa kulungu peke yake: ilimradi kimo cha sauti kilikaribia cha watoto wao, walikwenda pia kwa vilio vya watoto wa wanyama wengine kabisa, wakiwamo sili, paka na hata binadamu. Mama haulizi kwanza mtoto ni wa nani. Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na utafiti huo unaonyesha kwamba uchungu huo haukomei kwa mwana wa kuzaa wala kwa jamii moja ya viumbe. Mwindaji anayebana pua na kulia kama mtoto aliyeshikwa hatumii uzembe wa mnyama, wala ulafi wake, wala tamaa yake. Anatumia kitu ambacho, kingeonekana kwa binadamu, kingeitwa wema bila kusitasita.

Sheria na maandiko yanakutana hapa kwa namna ya kushangaza. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 ya Tanzania inakataza kuwinda mnyama mchanga na jike mwenye mimba au anayefuatana na mtoto. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, linamwagiza anayekuta kiota amwachie mama aende zake, na Thomas wa Akwino alieleza kwamba amri za namna hiyo zilikusudiwa kuufunza moyo wa mtu huruma. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipiga mbawa juu yao, na Mtume akauliza ni nani aliyemsononesha ndege huyo kwa wanawe, akaamuru warudishwe. Hakuwauliza kama ndege huyo ni halali kuliwa. Alimwona mama aliyewafuata wanawe, akawa upande wake.

Jike anayeitwa kwa sauti ya mtoto ndiye yuleyule ambaye sheria hizi zote zinamkinga, kwa kuwa anayekuja kwa haraka zaidi kuliko wote ni yule mwenye mtoto aliyemlaza kichakani. Nsya na funo hufanya hivyo: humficha mtoto kwenye majani na kwenda kula, na mtoto hukaa kimya akingoja. Wito wa dhiki, hata kama mwindaji hajui, huwatenga majike wa namna hiyo kutoka msituni na kuwaleta mbele, na anayepiga hapo huua wawili, wa pili akifa kwa njaa mahali ambapo hakuna atakayemwona. Mwindaji wa Ulaya anayelia kama mtoto ili apate dume hawezi kujitetea kwamba hakumkusudia mama, kwa sababu mama ndiye aliyeitwa na dume lilifuata tu. Akishamwona anatoka msituni akimtafuta mtoto ambaye hayupo, uongo umekwisha kutimia, hata kama risasi haijatoka.

Kwa swala wa miombo na wa misitu ya Kongo jambo ni zito zaidi kuliko Ulaya. Funo hana msimu mmoja wa kupandana. Huzaa mwaka mzima, na mlio wa puani unaomleta ni wa dhiki, hivyo hakuna mwezi ambamo mwindaji anaweza kusema kwamba ameita tamaa na si huruma. Mwenye leseni anayetaka nyama hiyo bila kumlaghai mama itambidi ajifunze nyayo na vinyesi, ajue ni vichaka gani mnyama huvipitia jioni, akae upepo ukimjia usoni, anyamaze, na akubali kwamba siku nyingi atarudi nyumbani bila kitu.